Kiapo Kile Kile: Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani na Wakuu wa Jeshi na Uhamiaji

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, najitambulisha. Mimi ni mama wa askari mmoja wa jeshi lenu ambaye bado hajapewa uraia, na kwa ajili ya hilo nawaandikia. Nilizaliwa Tanga, nikaolewa Tanga, na watoto wangu wote nimewazaa pale hospitali ya Bombo. Tulikuja Maryland kwa ile bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha mgeni kuishi Marekani daima, mwanangu wa pili akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ana ishirini. Usiku natunza wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, asubuhi nalala kidogo, na barua hii nimeiandika vipande vipande kwenye meza ya jikoni kila nilipoamka.

Nawaandikia kwa Kiswahili, na nimekusudia. Mwanangu alinishauri nitafute kwanza mtu wa kunitafsiria, nikamwambia hapana. Kuanzia mwisho wa mwaka 2008 hadi 2016 jeshi lenu lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wageni ambao hata grini kadi hawana, alimradi wawe matabibu au wawe wanajua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha hiyo, pamoja na Kisomali, Kihausa, Kiamhari na Kiyoruba. Zaidi ya watu 10,000 waliingia jeshini kwa mlango huo. Basi lugha mliyoihitaji vitani naamini hamtashindwa kuisoma ofisini. Nataka pia wazazi wenzangu waisome, wa Mombasa, wa Bujumbura, wa Goma, ambao watoto wao wamekaa na ofisa wa kuandikisha askari sebuleni huku wazazi wakiitikia kwa kichwa maneno wasiyoyaelewa vizuri.

Siku mwanangu alipoapa nilikuwepo. Walisimama vijana kadhaa mbele ya bendera, mkono wa kulia juu, wakawa wanayarudia maneno ya ofisa. Aliapa kwamba ataiunga mkono na kuitetea Katiba ya Marekani dhidi ya maadui wote, wa nje na wa ndani, na kwamba atakuwa na imani ya kweli na utii kwayo. Nililia. Baba yake alitoka nje akajifanya anaangalia gari.

Wiki chache baadaye jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikuwa anajiandaa kuapishwa uraia. Akaniletea karatasi ya kiapo nimsomee kwa sauti, maana Kiingereza bado kinamkwama mdomoni. Nikasoma. Ataiunga mkono na kuitetea Katiba na sheria za Marekani dhidi ya maadui wote, wa nje na wa ndani. Atakuwa na imani ya kweli na utii kwayo. Nikasimama nikarudia mstari ule. Nikamwambia, dada, maneno haya nimekwisha kuyasikia, na mwanangu ndiye aliyeyasema.

Kiapo cha raia kina mengine zaidi, nakubali. Kuna kuwakana wafalme na mataifa mengine, na kuna ahadi kwamba sheria ikitaka utashika silaha kwa ajili ya nchi. Jirani yangu ana miaka hamsini na minane na magoti yanamsumbua. Aliahidi kushika silaha, na siku ile ile akatoka na cheti cha uraia, nami nikampikia pilau kwa furaha. Mwanangu silaha ameishika tayari, na cheti hana. Hili ndilo linalonikosesha usingizi mchana, na ndilo lililonifanya nianze kuulizauliza mpaka nikafika kwenye jina la Kendell Frederick.

Wakubwa wa zamani miongoni mwenu mnalijua jina hilo. Wapya nawaomba mnisikilize.

Kendell alizaliwa Trinidad. Alikuja Marekani akiwa na miaka 15 kumfuata mama yake, wakakaa Randallstown, nje kidogo ya Baltimore. Barabara ya kwenda huko naipita. Alisoma sekondari pale, akajiunga na jeshi la akiba, akawa fundi wa jenereta katika kikosi cha wahandisi, Batalioni ya 983. Kikosi kilipopelekwa Iraq, naye akaenda. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa anaomba uraia, na mama yake ndiye aliyemhangaikia karatasi.

Habari za karatasi hizo zimo katika kumbukumbu zenu wenyewe, maana Seneta Barbara Mikulski wa Maryland alizieleza mbele ya Seneti. Fomu ilisema wazi kwamba mwombaji ni askari, hata hivyo ikapelekwa ofisi isiyohusika. Ikakwama tena kwa sababu ya ada. Kisha zikatakiwa alama za vidole. Jeshi lilikuwa na alama zake tangu siku aliyojiandikisha, lakini idara ya uhamiaji haikuzikubali, ikataka nyingine, na ikamtaka afike Baltimore kuzitoa. Kijana yuko Iraq anatengeneza jenereta ili wenzake wapate umeme, na barua inamwita Baltimore. Mama yake alipiga simu akaeleza kwamba mtoto yuko vitani. Akaambiwa hakuna la kufanya.

Hatimaye ikapatikana nafasi ya kuchukuliwa alama hizo kule kule Iraq, katika kambi nyingine. Tarehe 19 Oktoba 2005 alipanda gari kwenda huko. Eneo la Tikrit, bomu lililotegwa kando ya barabara likalipuka karibu na gari lao. Alikuwa na miaka 21.

Waheshimiwa, mimi nimekaa na safari ile moyoni kama niliyepanda gari hilo. Mtoto wa mtu amevaa kofia ya chuma na fulana nzito ya kuzuia risasi, anapita katika barabara ambayo kila askari aliijua kwa mabomu, ili akathibitishe kwamba vidole vyake ni vyake. Vile vile alivyoviweka mbele ya jeshi siku alipoandikishwa. Vile vile alivyokamatia spana kila siku kwa kazi yenu. Kama ofisi mbili za serikali moja zingekuwa zinasemezana, siku hiyo angekuwa kwenye jenereta zake.

Uraia alipewa. Alipewa akiwa amekwisha kufa.

Nilimuuliza mtu anayejua sheria, uraia wa namna hiyo unaanza kuhesabiwa lini? Akanijibu kwamba sheria inauhesabu kuanzia siku ya kifo. Nilidhani sijamsikia vizuri. Yaani siku ile ile inayoandikwa kwenye cheti cha kifo ndiyo siku ya kwanza ya uraia. Kwetu mtu akifa anafutwa kwenye daftari la kijiji. Huyu ndiyo kwanza akaandikwa. Sisemi kwamba heshima hiyo haina maana kwa mzazi. Mama aliyefiwa hupokea kila kinachokuja na jina la mtoto wake, hata kama ni viatu vyake tu. Nasema kwamba kama serikali iliweza kumkubali akiwa maiti bila kumwita tena Baltimore, basi iliweza kumkubali akiwa hai.

Mama yake hakunyamaza, na Seneta Mikulski hakumwacha peke yake. Tarehe 26 Juni 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria yenye jina la Kendell Frederick, inayoitaka idara ya uhamiaji itumie alama za vidole ambazo askari alikwisha kutoa alipojiandikisha. Miaka miwili na miezi minane baada ya bomu lile. Alama za mwanangu zilichukuliwa alipojiandikisha, na hakuna aliyemwita tena kuzitoa. Najua ni damu ya mtoto wa nani iliyomlipia urahisi huo, na kila nikipita njia ya Randallstown namwombea.

Kendell hakuwa wa kwanza kupewa uraia kaburini. Machi 21, 2003, vita vya Iraq ndiyo vinaanza, aliuawa karibu na Umm Qasr askari wa kikosi cha Marine aitwaye José Antonio Gutierrez. Huyu alikuwa yatima wa mitaani huko Guatemala, aliyeivuka Mexico kwa kudandia treni za mizigo mpaka akafika California. Siku mbili baadaye, Nasiriyah, akauawa José Angel Garibay, mzaliwa wa Mexico. Wote wawili walipewa uraia mwanzoni mwa Aprili, wakiwa wamekwisha kufa. Wakati ule Kadinali Roger Mahony wa Los Angeles alimwandikia Rais Bush kwamba sheria za uhamiaji zina kasoro kubwa ikiwa mtu anapata uraia kwa kufa vitani. Barua ya Kadinali ina zaidi ya miaka ishirini sasa. Yangu inafuata njia ile ile, kwa sababu shida bado ipo njiani.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Najua mmefanya mengi. Tarehe 3 Julai 2002 Rais Bush alitoa amri iliyomruhusu kila askari asiye raia, aliyetumikia tangu Septemba 11, 2001, kuomba uraia mara moja bila kungoja miaka. Mwishoni mwa 2003 Bunge likapitisha sheria ya kuwaondolea askari ada na kuruhusu waapishwe hata ng'ambo, kwenye kambi. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango wa faida za uhamiaji wajane, watoto na wazazi wa wanaopewa uraia baada ya kufa. Kabla ya hapo cheti kilikuwa cha kutundika ukutani tu. Tangu 2002, zaidi ya askari 100,000 wamepata uraia. Miongoni mwao wamo wa kwetu, wa Afrika, nami nawafahamu baadhi yao kwa sura.

Lakini lile lililokuwa zuri kuliko yote mlilianza, mkaliacha, mkalirudia miaka baadaye. Mwaka 2009 jeshi la nchi kavu lilianza kushughulikia uraia wa kuruta wakiwa mafunzoni. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wanawafuata kambini, karatasi zinashughulikiwa huku vijana wanajifunza kulenga shabaha, na siku ya kumaliza mafunzo kijana anatoka na vyeti viwili. Mzazi anakwenda kwenye gwaride mtoto wake akiwa mgeni na anarudi naye akiwa raia. Jambo rahisi namna hiyo, halihitaji hekima ya ajabu. Oktoba 2017 Wizara ya Ulinzi ikaleta masharti mapya: mwenye grini kadi amalize uchunguzi wa usalama na atumikie siku 180 kwanza, ndipo isainiwe fomu N-426, ile karatasi ambayo jeshi linathibitisha kwamba huyu anatumikia kwa heshima. Bila karatasi hiyo ombi la uraia kwa njia ya jeshi halisogei. Mwanzoni mwa 2018 na ule mpango wa kambini ukafungwa. Askari walikwenda mahakamani, na Agosti 2020 mahakama ya shirikisho mjini Washington ikalitupa sharti la zile siku 180. Oktoba 2022 jeshi la nchi kavu likaurudisha mpango wa kambini.

Mmeona mwendo wake. Rais anafungua, waziri anafunga, jaji anafungua. Mtoto aliyeandikishwa 2010 alipata uraia akiwa kuruta, na aliyeandikishwa 2018 kwa kiapo kile kile aliambiwa angoje. Risasi haiulizi mtu aliandikishwa mwaka gani.

Najua hoja ya usalama, na siipuuzi. Mnasema lazima mjue mnayempa uraia ni nani. Kweli kabisa. Mchunguzeni, mpigieni simu mwalimu wake, muulizeni jirani, hata mimi njooni mniulize, chai ipo. Ila uchunguzi huo mahali pake ni kabla ya kumpa bunduki. Mkishamkabidhi bunduki na risasi, mkamlaza bweni moja na watoto wenu, mkamwachia alinde lango usiku ninyi mkiwa mmelala, mmekwisha kumwamini. Imani hiyo haiwezi kuwa kubwa kwenye ghala la silaha kisha ikawa ndogo mbele ya dirisha la uhamiaji.

Nawaeleza yaliyompata mwanangu, bila kutaja kambi wala mtu, maana sitaki aumie kwa ajili ya kalamu ya mama yake. Alipokuwa mafunzoni aliulizia fomu ile akaambiwa ataishughulikia akifika kikosini. Alipofika kikosini akaambiwa mhusika yuko likizo. Mhusika aliporudi, fomu haikuonekana. Akajaza nyingine. Ikarudi kwa sababu aliyeisaini hakuwa na cheo kinachotakiwa. Akajaza ya tatu. Kila akinisimulia anacheka, ananiambia mama usijali, huku ndivyo kulivyo. Nami nakumbuka kwamba hata habari za Kendell zilianza hivi hivi, na vitu vidogo: ofisi isiyohusika, ada, karatasi kurudi. Hakuna hata mmoja katika ofisi zile aliyekusudia mtoto afe. Kila mmoja alifanya kazi yake ya siku hiyo akaenda nyumbani.

Sisi wa Tanga tunayajua makaburi ya vita vya watu wengine. Novemba 1914 Waingereza walileta askari kwa meli kutoka India waje kuuteka mji wetu kwa Wajerumani, na wengi wao hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo mpaka leo. Hao angalau wana mahali. Babu zetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita vile, hata Kariakoo ya Dar es Salaam ikabaki na jina la kikosi chao cha wapagazi, waliachwa porini kwa maelfu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi waliokufa kwa ajili ya Uingereza hawakuandikiwa majina. Radhi hiyo imekuja baada ya miaka mia moja. Bibi yangu alikuwa akimtaja mjomba wake aliyeondoka na mzigo wa Wazungu kichwani, na kila alipomtaja alimalizia kwa kusema, "Kaburi lake hatulijui." Nimekua na sentensi hiyo masikioni. Ndiyo maana mtu akiniambia karatasi ni karatasi tu, sikubaliani naye.

Kwa Mtanzania kuna jambo jingine pia, ambalo huenda halimo kwenye mafaili yenu. Nchi yangu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mkenya akiapa kwenu anabaki na Kenya yake. Mwanangu akiapa, anaiacha pasipoti aliyozaliwa nayo. Tulilizungumza nyumbani, na hakulichukulia kijuujuu. Aliniambia, "Mama, nimekwisha kusema niko tayari kufa kwa ajili ya hawa, pasipoti ni nini?" Sikuwa na jibu. Ameshaamua ni wa kwenu. Mnaosubiriwa ni ninyi.

Wapo pia waliorudi kutoka vitani wakiwa hai bila cheti, kisha mkawafukuza. Wakaguzi wa serikali yenu, GAO, walieleza mwaka 2019 kwamba maveterani wasiopungua 92 waliondoshwa nchini kati ya 2013 na 2018. Nafahamu wengi walikuwa na makosa, na mtu akikosa afungwe. Ila mtoto wa hapa akikosa hufungwa kisha hurudi kwa mama yake. Hawa kama wangeapishwa uraia kabla ya kusafirishwa, kama ilivyokuwa haki yao, leo wasingekuwa wanazeeka ng'ambo ya mpaka na medali zao kwenye sanduku.

Ninachoomba ni kimoja, na nakiomba kwa Bunge, maana amri na taratibu za wizara tumekwisha kuona zinavyobadilika. Tungeni sheria kwamba hakuna askari atakayepandishwa ndege kwenda eneo la vita kabla hajaapishwa uraia, kama ameutaka na anastahili. Wawekeni maofisa wa uhamiaji kwenye kambi zote za mafunzo, na safari hii iwe kwa sheria. Kazi ya kufuatilia fomu iwe ya jeshi, lenye makarani na kompyuta na magari, isiwe ya mvulana wa miaka ishirini wala ya mama anayepiga simu akiwa amesimama jikoni na sare ya kazi mwilini. Na ikiwa ofisi imechelewesha, gharama ya kuchelewa iibebe ofisi: askari abaki kambini hapa nchini, na mkuu wake aulizwe kwa nini mtu wake hana karatasi. Naamini siku wakuu wataulizwa swali hilo, karatasi zitatembea.

Kwa wakuu wa jeshi nina neno moja la pembeni. Mwanangu anawapenda. Ana sajenti wake mmoja ambaye humtaja kila akipiga simu, kama anavyomtaja mjomba. Sikumzuia kuapa na sitamwambia aache. Nimemlea ajue kwamba ukila nyumba ya mtu unashiriki na msiba wake, na yeye amekula kwenu tangu akiwa na miaka kumi na mitatu.

Kikosi chake kimeambiwa kijiandae kusafiri. Wapi na lini haniambii, na simuulizi. Fomu ya tatu ameikabidhi Jumatatu iliyopita, imejazwa yote, imebaki saini ya ofisa mwenye cheo. Iko mezani kwa mtu mmoja katika jeshi lenu, labda chini ya faili nyingine. Nawaomba mumtafute mtu huyo, na asaini kabla mwanangu hajapanda ndege.

Wenu kwa heshima,

Mama wa askari,
Maryland